Habari Hupita Wapi Katika Kikundi Chetu?



Tukitembelea vikundi, kuna neno tunalolisikia karibu kila mahali: "Watu wamelegea." Mwenyekiti analalamika kwamba wanachama hawaji mkutanoni, hawaleti mchango kwa wakati, na hata wakija hawasemi kitu. Wanachama nao, ukikaa nao kando, watakwambia kamati inaficha mambo. Kila upande unaona kosa liko kwa mwingine. Lakini ukichimba, mara nyingi utakuta hakuna aliyelegea na hakuna aliyeficha. Kilichoharibika ni njia ya habari. Jambo lilisemwa hivi, likafika vile, na jibu lake halikurudi.

Hili si jambo dogo. Kikundi kikivunjika watu hupoteza jasho lao la miaka. Pampu hukaa bure, ng'ombe wa mradi huuzwa, na mwaka unaofuata ukiwaita watu tena hawaji, kwa maana wameshaungua mara moja. Majirani wanabaki wakitazamana vibaya hata kanisani, na huku hakuna senti moja iliyoibiwa!

Katika toleo hili tunataka kueleza jinsi kikundi kinavyoweza kuchunguza mawasiliano yake chenyewe. Ni kama mkulima anayefuata mfereji kutoka mtoni hadi shambani ili aone maji yanapotelea wapi. Hakai nyumbani akilaumu mahindi kwa kukauka.

NJIA MBILI ZA HABARI

Mtu anaweza kuuliza: kuongea nako kuna haja gani ya kuchunguzwa? Si kila mtu ana mdomo na masikio? Ni kweli, lakini mashirika makubwa yaligundua zamani kwamba wakubwa hawajui habari zinavyotembea chini yao. Uchunguzi mmoja uliojulikana sana ulifanywa katika kiwanda cha Hawthorne, mjini Cicero karibu na Chicago, huko Marekani. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza vifaa vya simu. Hebu fikiria: watu wa kutengenezea wengine simu, na wao wenyewe ndani ya kiwanda hawasikilizani.

Kazi ilianza mwaka wa 1924 kwa jambo la taa. Walitaka kujua kama mwanga ukiongezwa watu watafanya kazi zaidi. Majibu yaliwachanganya. Basi kati ya mwaka wa 1928 na 1930 wakaamua kuwauliza wafanyakazi wenyewe, na waliohojiwa walikuwa zaidi ya 20,000. Mwanzoni wenye kuuliza walikuja na orodha ya maswali. Mfanyakazi alijibu kwa kifupi, kisha akaruka kwa jambo lake mwenyewe ambalo halikuwa kwenye karatasi. Wakaona ni heri waache ile orodha, wakae, wasikilize, wasibishane na mtu wala wasimpe shauri. Hapo ndipo watu walipofunguka.

Halafu, mwaka wa 1931 na 1932, walikichunguza chumba kimoja cha wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya. Waligundua kwamba wanaume hao walikuwa wamekubaliana wao kwa wao, bila karatasi na bila mkutano, ni kazi kiasi gani inatosha kwa siku moja. Aliyezidisha alitaniwa, na hata kupigwa ngumi ya begani. Ofisi ilikuwa na mpango wake wa malipo wa kuwatia watu bidii, mpango mzuri kabisa kwenye karatasi. Haikujua kwamba mle chumbani kuna sheria nyingine inayotawala.

Sasa turudi kwetu. Katiba ambayo kikundi chenu kilipeleka wakati wa kujisajili inaeleza ni nani ataitisha mkutano, ni nani ataandika na ni nani atashika pesa. Hiyo ni njia ya kwanza ya habari, na ndiyo kamati huifikiria. Lakini haielezi ni nani humwambia nani wakati wa kuteka maji, kwenye mashine ya kusaga posho, kwenye foleni ya zahanati au ndani ya matatu siku ya soko. Hiyo ni njia ya pili, na katika vikundi vingi ndiyo yenye magari mengi. Keith Davis, mwalimu wa Marekani aliyechunguza habari za pembeni katika kampuni moja na kuandika juu yake mwaka wa 1953, aliona kwamba wengi huzisikia habari hizo lakini wachache tu ndio huzipitisha mbele. Tena hao wachache si lazima wawe wenye vyeo.

Katika vikundi vyetu hao wachache wapo. Pengine ni mama mwenye kibanda cha mboga njiapanda. Pengine ni kijana wa bodaboda, au mzee ambaye kila mtu humpitia akitoka sokoni. Kamati nyingi huwaona watu hawa kama wasumbufu, wakawapa jina la wambea. Sisi hatukubaliani na jina hilo, na hasa linavyotumiwa kwa akina mama peke yao kana kwamba wazee wakiwa kwenye bao huwa wanaomba rozari. Mtu wa namna hii ni barabara. Barabara mbovu hutengenezwa, haitukanwi.

KUFUATA HABARI MOJA

Njia rahisi kuliko zote ya kuchunguza ni kuchukua habari moja tu na kuifuata tangu ilipotoka mpaka ilipoishia. Tutaeleza kwa mfano. Tumeutunga wenyewe, lakini vipande vyake mtavitambua.

Tuseme kikundi cha maji kina watu 28, na saba kati yao ni wanakamati. Pampu imeharibika. Kamati inaketi Jumanne na kupatana mambo matatu: mchango wa mwezi utoke shilingi 100 uwe 150, nyongeza hiyo ni ya miezi minne tu, na anayeshindwa amwone mweka hazina wapatane jinsi ya kulipa kidogo kidogo. Ni uamuzi wa haki na wa huruma. Jumamosi unatangazwa mkutanoni, na wanaohudhuria, ukiondoa kamati, ni watu tisa. Kumi na wawili hawapo.

Baada ya wiki mbili wanachama watano wameacha kuleta hata ile mia ya zamani. Kamati inasema, "Tulijua tu, wale ni wazembe."

Lakini tuseme watu wawili wanazunguka kwa kila mwanachama na maswali manne mepesi: Uliambiwa nini? Uliambiwa na nani? Mlikuwa wapi? Ilikuwa siku gani? Hawamsahihishi mtu. Wanapokea tu vile mtu alivyosikia, na kwa maneno yake. Katika wale 12 ambao hawakufika mkutanoni, wanakuta wawili hawajasikia kitu chochote. Saba wamesikia kwa majirani wakiteka maji, na watatu kwa mama wa kibanda. Sasa angalieni yale mambo matatu yalivyosafiri. Wote kumi waliosikia wanajua mchango umepanda. "Miezi minne tu" imefika kwa watatu. Na ile huruma ya kumwona mweka hazina haikufika kwa mtu hata mmoja. Imegeuka njiani ikawa, "Anayeshindwa atatolewa."

Kwa nini iligeuka hivyo? Hakuna aliyedanganya. Mtu anayepeleka habari kwa mwingine hubeba kile kilichomgusa yeye, na anayeogopa hubeba hofu. Maneno mafupi na makali husafiri vizuri. Maneno yenye "lakini" na "isipokuwa" huanguka njiani kama unga kwenye gunia lililotoboka. Kwa hiyo katika kila habari ya kikundi, sehemu iliyo hatarini ni ile ya masharti na ya huruma. Hiyo ndiyo ya kulindwa kwanza.

Na wale watano? Wote wanakaa ng'ambo ya bonde. Mkutano huanza saa kumi jioni na kumalizika giza likiingia, na mama mwenye watoto wadogo hawezi kuvuka bonde usiku. Kwa hiyo kwa mwaka mzima wamekuwa wakipata habari za mkono wa pili na wa tatu. Mmoja wao ni mjane. Aliposikia kwamba anayeshindwa atatolewa, alijitoa mwenyewe kimya kimya ili asione aibu ya kutajwa mbele za watu. Kikundi kilikuwa kimepanga jambo la kumsaidia mtu kama yeye hasa, na jambo hilo hilo ndilo lililomtoa.

Mkishamaliza kuuliza, choreni mlichopata. Hakuna haja ya karatasi. Chukueni majivu au unga wa chokaa, mchore bonde, barabara, kanisa na mahali pa maji kwenye uwanja uliofagiwa. Kila mwanachama awe jiwe moja. Kutoka kwa aliyesema hadi kwa aliyesikia, pigeni mstari. Mtaona kwa macho yenu mawe yenye mistari mingi, mawe yenye mstari mmoja, na mawe yaliyokaa peke yake. Wanachama wasiosoma husoma ramani ya namna hii upesi kuliko katibu, kwa maana wanaijua ardhi yenyewe.

MCHEZO WA MBEGU

Kuna jambo lingine ambalo ramani itawaonyesha, nalo ni umbo la kikundi. Vingine ni kama gurudumu: mwenyekiti katikati, na kila neno linapitia kwake. Vingine ni kama mnyororo: fulani humwambia fulani, naye humwambia fulani. Vingine ni duara, ambapo watu huongea na walio karibu nao bila mkubwa.

Mwaka wa 1951 Mmarekani Harold Leavitt alitoa ripoti ya jaribio juu ya maumbo haya. Aliwaweka watu watano mahali wasipoonana, wakawa wanaandikiana vikaratasi. Ninyi mnaweza kulifanya kwa mbegu. Tafuteni mbegu za aina sita, kama mahindi, maharagwe, kunde, njugu, dengu na mtama. Kila mmoja wa wachezaji watano apewe aina tano na kukosa moja, na kila mmoja akose aina tofauti na mwenzake. Hapo ni aina moja tu itakayokuwa mikononi mwa wote, na kazi ni kuijua hiyo bila kuonyeshana. Mara ya kwanza mmoja akae katikati, na wengine wanne wanong'one naye tu. Mara ya pili wakae duara, kila mmoja anong'one na wa kulia kwake na wa kushoto kwake tu.

Leavitt aliona kwamba wenye gurudumu walitumia maneno machache na hawakukosea sana. Wenye duara walipelekeana habari nyingi na kukosea zaidi. Lakini alipowauliza watu kama waliipenda kazi, wa duara ndio waliofurahi. Katika gurudumu aliyefurahi alikuwa yule wa katikati, na wale wa pembeni walichoka. Hapo kamati itasema, "Si tuliwaambia? Mtu mmoja aamue!" Ngojeni kwanza. Wachunguzi waliofuata, kama Marvin Shaw, walitoa maswali magumu zaidi, yenye kuhitaji hesabu na kufikiri, na hapo duara likaelekea kumaliza mapema kuliko gurudumu. Mambo yalimzidi yule wa katikati.

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kumkumbuka Musa katika Kutoka sura ya 18, akiketi kuamua mashauri tangu asubuhi hata jioni huku watu wamesimama wakingoja. Yethro mkwewe aliliona gurudumu hilo siku moja tu, akamwambia atajichosha yeye pamoja na watu wake. Shauri lake lilikuwa kuweka wakuu wa watu elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, na mambo mazito tu ndiyo yafike kwa Musa. Tunapenda kwamba aliyeliona alikuwa mgeni aliyekuja kutembea. Jicho la mgeni huona haraka, na tutarudi kwa jambo hilo.

Kwa matumizi ya kikundi: tarehe ya mkutano, bei ya dawa ya mifugo na zamu ya kusafisha tangi zinaweza kupitia mtu mmoja, na ni vizuri zipite kwake ili zisichanganyike. Lakini kama mnaamua mkopo, au ni nani atapewa mbuzi kwanza, au pampu inunuliwe ya dizeli au ya jua, hilo si la gurudumu. Hilo liongelewe na wote, hata likichukua mikutano mitatu.

HABARI ZA KUPANDA

Mpaka hapa tumesema zaidi juu ya habari zinazoshuka kutoka kamatini. Zile za kupanda ndizo ngumu. Mtu wa chini akijua jambo baya, hufikiri mara mbili kabla ya kulipeleka juu, na kila anayelipokea njiani hulipunguza makali kidogo.

Elimu peke yake haiondoi ugonjwa huu. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilivunjika hewani muda mfupi baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa, mmoja wao akiwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Usiku uliotangulia, mafundi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walikuwa wameonya kwa simu kwamba baridi ingeharibu kazi ya mipira ya kuzibia viungo vya roketi hizo. Wakubwa wao waliwazidi nguvu. Na tume iliyochunguza ajali ilikuta kwamba wale wa juu kabisa, wenye kutoa neno la mwisho, hawakuwa wameambiwa kwamba onyo hilo lilitolewa. Wasomi wa kupeleka watu angani walishindwa kupandisha habari moja ngazi mbili au tatu.

Katika kikundi, njia rahisi ya kujua kama habari zinapanda ni kuhesabu. Wekeni kopo mbele ya kila mtu mkutanoni, naye mtoto mkubwa au mgeni atie punje moja kila mtu huyo anapoongea. Mwisho mwage punje mbele za watu. Mara nyingi mtakuta watu wanne wana punje tele na wengine kopo tupu. Angalieni pia ni akina nani wenye kopo tupu. Ni wake wa waliooleka karibuni? Ni wapangaji? Ni wale ambao lugha ya mkutano si yao? Tumeona mikutano ambapo ajenda inasomwa kwa Kiingereza, inaelezwa kwa Kiswahili, na mabishano ya kweli yanafanywa kwa lugha ya nyumbani. Hapo mtu wa kabila lingine hutoka bila kujua kilichoamuliwa, hata kama alikaa tangu mwanzo.

Jambo la lugha lilisumbua hata kanisa la kwanza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Wayahudi wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji wambea. Waliita mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu saba wa kushughulika na jambo hilo. Na ukiyasoma majina ya hao saba utaona ni majina ya Kigiriki yote. Waliopewa kazi ni watu ambao manung'uniko yangewafikia kwa urahisi.

NANI AULIZE, NA VIPI

Mwenyekiti asiulize. Wala mweka hazina. Mtu hawezi kumwambia mwenyekiti usoni kwamba hasikiki. Chagueni wawili ambao hawana cheo, mmoja mwanamke, au badilishaneni na kikundi jirani: wao wawachunguze ninyi, nanyi muwachunguze wao. Hapo ndipo jicho la Yethro linaposaidia.

Hapa Kenya kazi hii ina mizizi yake. Mwaka wa 1974 ulianza mpango wa mafunzo ulioitwa DELTA, katika Kanisa Katoliki, ukiongozwa na Anne Hope na Sally Timmel, ambao walichukua mawazo mengi kutoka kwa Paulo Freire wa Brazili. Huenda wazee wengine wanaosoma toleo hili walipitia mafunzo hayo. Katika mpango huo kazi haikuanza kwa maswali ya kuandikwa. Kwanza watu walitumwa kwenda kusikiliza tu, mahali ambapo watu huongea bila kuulizwa: sokoni, kwenye maji, ndani ya basi, nje ya kanisa baada ya ibada. Walisikiliza ni jambo gani watu wanaliongea kwa furaha, kwa hasira au kwa hofu, kwa maana panapo moto wa moyo ndipo watu wako tayari kufanya jambo. Utaratibu huo bado unafaa. Mkichunguza kikundi chenu, anzeni kwa wiki moja ya masikio kabla ya wiki ya maswali.

Lakini hapa lazima tuseme wazi. Kusikiliza bila kuwaambia watu kwamba mnasikiliza ni upelelezi, na upelelezi utawaua haraka kuliko huo uvumi. Mkutano wote ukubali kwanza, na ijulikane ni nani watasikiliza na kwa muda gani. Majina yasiandikwe. Kinachorudishwa mkutanoni ni "imesemwa kwamba", si "fulani alisema". Mkiona kuna mtu anataka kutumia kazi hii ili amjue aliyemsema vibaya, isimamisheni mara moja. Tunajua kamati ambazo zingependa sana orodha kama hiyo.

PESA NA SIMU

Mwaka wa 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika kitabu juu ya uvumi. Walisema uvumi huhitaji mambo mawili kwa pamoja: jambo liwe muhimu kwa watu, na liwe halieleweki wazi. Moja likikosekana, uvumi haupati nguvu. Sasa pesa za kikundi zitakuwa muhimu siku zote, hamwezi kuzipunguzia umuhimu. Kilichobaki mkononi mwenu ni lile la pili. Salio la benki likisomwa kwa sauti kila mkutano, hata mwezi ambao halikubadilika, uvumi hukosa chakula. Vikundi vingi husoma hesabu siku ya kugawana tu. Hapo mmeuacha uvumi ukila miezi kumi na moja.

Simu imesaidia na imeleta yake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mama hahitaji kuvuka bonde kupeleka mchango. Lakini mchango ukitumwa kwa namba ya mtu mmoja, ujumbe wa kuthibitisha hukaa kwa mtumaji na kwa yule mmoja aliyepokea. Wengine 26 hawajui. Basi jumbe hizo zisomwe mkutanoni au zinakiliwe kwenye daftari ambalo kila mtu anaweza kulifungua.

Na kwa vikundi vyenye WhatsApp: mkichora ile ramani ya mawe, ongezeni rangi moja kwa wenye simu za intaneti. Mtakuta wengine wana mulika mwizi tu, wengine wanashiriki simu moja na mume ambaye ndiye huisoma kwanza, wengine simu huzimika siku nne kwa kukosa chaji. Uamuzi uliotangazwa kwenye WhatsApp peke yake haujatangazwa kwa kikundi. Tena kule pia mtu husoma akanyamaza, na katibu akahesabu kimya kama kukubali.

KURUDISHA KWA WENYEWE

Watu wengi wamezoea watafiti wanaokuja na madaftari, wakauliza, wakaenda na wasionekane tena. Msifanye hivyo kwa watu wenu wenyewe. Ramani ichorwe tena mbele ya wote, na kabla waliochunguza hawajasema neno, wanachama waulizwe wanaona nini. Wataona mambo ambayo wachunguzi hawakuona. Katika ule mfano wetu wa pampu, ni rahisi kufikiri dawa ni kumkemea mama wa kibanda. Lakini watu wakiitazama ramani, pengine watasema yeye ndiye aliyewafikia watu watatu ambao kamati haikuwafikia, kwa hiyo yeye ndiye apewe habari kamili kabla ya mtu mwingine, akiwa na yale mambo matatu kichwani, akayarudie mbele ya katibu kabla ya kuondoka. Na mkutano mmoja kati ya miwili ukafanyiwe ng'ambo ya bonde, saa nane mchana.

Badilisheni jambo moja au mawili tu, msibadilishe yote. Kisha baada ya miezi mitatu fuateni habari nyingine kwa maswali yale yale manne, mlinganishe. Kwa mara ya kwanza chagueni habari ndogo isiyo na maumivu, kama tarehe na saa ya mkutano ujao, ili watu wazoee kuulizwa. Habari ya pesa ifuateni mara ya pili. Kazi yote, kwa kikundi cha watu 30, huwatosha watu wawili kwa siku nne au tano za kutembea, na kinachohitajika ni kalamu, daftari la kurasa 32 na viatu vya kuvukia bonde.